Fundi anakata tofali za inchi 6 kwa panga, kila kona kuna kipande kinacheza. Nibadili fundi au nikodi grainda?

MwanaBuswelu

Habari za jioni wakuu. Napandisha boma huku Buswelu, vyumba viwili na sebule. Msingi ni wa mawe, huo sina wasiwasi nao. Tofali ni za saruji inchi 6, zile za kawaida: urefu sentimita 45, kimo 23, unene 15. Leo tumemaliza kozi ya nne, yaani safu ya nne ya tofali.

Shida ni kukata. Fundi wangu anashika tofali kwa mguu, anapiga panga mara tatu, tofali linavunjika linakotaka lenyewe. Akipata kipande kinachokaribia anakibandika, pengo linalobaki anashindilia mota. Kwenye kila kona kuna kipande chembamba kama upana wa vidole vinne. Nilipima kimoja, sentimita 6. Jana nikakigusa kwa kidole, kikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nimehesabu tofali zilizovunjika na kutupwa pembeni mpaka leo: 74. Nikimuuliza anasema "bosi, tofali haliwezi kuingia lenyewe, lazima likatwe". Chumba kikubwa ni futi 12 kwa 12 kwa ndani, cha watoto ni 10 kwa 10. Naombeni ushauri kabla ya Jumatatu, natanguliza shukrani.

Sangara_Mkavu

Mwanza hii hii ambako watu wanapasua jabali kwa moto na nyundo, leo tofali la mchanga linamshinda mtu? Nimekaa paleee nasubiri mafundi.

Babu Timazi

MwanaBuswelu, grainda usikimbilie kwanza. Nimejenga miaka mingi Igoma na Kisesa, na hicho kipande cha sentimita 6 nakijua kama ndugu yangu.

Kesho chukua tofali tano uzipange chini kavu, bila mota, kwenye umbo la kona. Utaona jambo moja: unene ni 15 na urefu ni 45, yaani unene ni theluthi kamili ya urefu. Kwenye kona, kozi ya kwanza tofali la ukuta wako linafika hadi mwisho. Kozi ya pili linalofika mwisho ni la ukuta wa pili, kwa hiyo upande wako unaona kichwa chake tu, sentimita 15. Weka jointi, yaani mota ya kati ya tofali na tofali, ya sentimita 1 halafu anza na tofali zima. Jointi ya chini iko kwenye 45, ya juu iko kwenye 15, inayofuata iko kwenye 61. Zimepishana sentimita 16 upande mmoja na 30 upande mwingine. Sisi tulifundishwa jointi zipishane si chini ya robo ya tofali, yaani sentimita 11 na kitu. Umevuka hapo bila kukata chochote.

Fundi wako anataka jointi ikae katikati kabisa ya tofali la chini. Inapendeza machoni, sikatai. Lakini hesabu yake ni hii: kichwa 15, jointi 1, bado anahitaji 6 ndipo afike kwenye nusu. Hiyo 6 ndiyo jino lako la mtoto. Kona ndiyo inayoshika nyumba, na yeye anaijaza vibanzi.

Kwa tofali la inchi 6, pishanisha kwa theluthi. Ukuta utaonekana kama una ngazi inayopanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, ukipiga lipu hakuna atakayejua.

Mama Vitenge Kisesa

Kaka MwanaBuswelu, swali moja tu: unamlipa kwa siku au kwa tofali?

Mimi nilijenga mwaka juzi, fundi tulikubaliana kwa tofali. Siku ya kuhesabu akaanza kugusa ukuta kwa kidole moja mbili tatu, na kila kipande alikihesabu tofali zima. Kipande cha sentimita 6, tofali. Kipande cha juu ya dirisha, tofali. Nilipokataa akaniambia kukata ni kazi kubwa kuliko kujenga. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini kona zangu zilikuwa na vipande vingi hivyo. Tulimalizana kwa kuhesabu vipande viwili kama tofali moja, na siku iliyofuata, nakuapia, vipande vikapungua vyenyewe.

MwanaBuswelu

Mama yangu, nalipa kwa tofali 😩

Sangara_Mkavu

Uzi umefungwa.

Diski_Tisa

Haujafungwa, maana hata ukipishanisha vizuri utakata tu kwenye milango na madirisha. Tuongelee kukata.

Kwanza vipimo. Watu wanapima pengo, wanakata kipande sawa na pengo, halafu wanashangaa hakiingii, wanakichonga pembeni mpaka kinakuwa yai. Pengo likiwa 30, kipande ni 28, kwa sababu kila upande una jointi ya sentimita 1. Na nusu ya tofali si 22 na nusu, ni 22: nusu mbili na jointi moja katikati ndizo zinarudisha 45. Hivyo visentimita nusu nusu ndivyo vinavyofanya kozi ya nane isikutane na fremu.

Chora mstari kwa mguu wa skwea pande zote nne za tofali. Mkichora upande mmoja tu, upande wa pili utakatika mshazari.

Kama huna mashine: tindo pana na nyundo, panga lirudi shambani. Laza tofali juu ya mchanga, lisilale kwenye jiwe wala sakafu ngumu. Gonga taratibu juu ya mstari kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, geuza, gonga upande wa pili, geuza tena. Usipige kwa hasira. Ukizunguka mara mbili au tatu utasikia sauti inabadilika, inakuwa nzito kama chungu chenye ufa. Hapo gonga moja ya nguvu katikati, linaachia lenyewe. Na tofali liwe limekomaa. Lililofyatuliwa wiki iliyopita hata ulikate na nini litamong'onyoka, lipe angalau wiki mbili, na ile wiki ya kwanza limwagiliwe kweli, si kunyunyiziwa kama maua.

Kwa grainda: kubwa ya diski ya inchi 9 inaingia sentimita 6 na kidogo tu. Tofali lako ni 15. Kata upande huu, geuza, kata upande ule, katikati inabaki kama sentimita 2, gonga linaachana safi. Ile ndogo ya inchi 4 na nusu inaingia kama sentimita 3, yenyewe ni ya kuchora mfereji halafu unamalizia kwa tindo. Diski iwe ya almasi ya kukatia zege. Ya chuma itaisha kabla ya tofali la tatu.

Nesi wa Pasiansi

Naongezea, na sitanii. Msitoe kava ya grainda ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo. Mashine ndogo inazunguka kasi mno kuliko inavyostahimili diski kubwa, ikipasuka inaruka usoni. Nimeshapokea mgonjwa wa hivyo na sitaki kueleza zaidi.

Halafu vumbi. Lile vumbi jeupe lina silika, hiyo hiyo iliyomo kwenye mchanga na kwenye mawe yetu. Ikishaingia ndani kabisa ya mapafu haitoki, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuondoa. Kitambaa mdomoni hakisaidii, nunua barakoa ya vumbi inayobana, na miwani. Lowanisha tofali mapema lakini usimwagie maji grainda ya umeme, utapigwa shoti. Mchana upepo wa ziwa unavuma kuja nchi kavu, basi mkataji asimame vumbi liende mbali na wenzake, lisiende kwa mama anayepika uji wa mafundi.

MwanaBuswelu

Wabeja sana wote. Babu Timazi, nimepanga kavu leo asubuhi kabla fundi hajafika na nimeona kwa macho. Lakini chumba cha futi 12 kimekataa, mwisho wa ukuta linabaki pengo. Na je, kozi nne zilizokwisha nizibomoe?

Babu Timazi

Usibomoe. Vipande vinavyocheza vitoe, safisha tundu, lowanisha, jaza zege la kokoto ndogo na ushindilie vizuri. Tofali zima za kona bado zimekabana, nyumba ya chini itasimama. Kuanzia kozi ya tano acha vile vibanzi.

Kuhusu futi 12, si wewe wala fundi, ni kipimo chenyewe. Tofali na jointi yake ni sentimita 46. Ukuta unaoanza na tofali zima kona hii na kupokelewa na kichwa kona ile, kwa ndani unakuwa 46 mara idadi ya tofali, toa 15. Tofali 7 zinakupa 307, na futi 10 ni 305, kwa hiyo chumba cha watoto kimeingia chenyewe, bana jointi kidogo tu. Tofali 8 zinakupa 353. Futi 12 ni 366. Zimezidi 13. Ungeniuliza kabla ya msingi ningekwambia jenga 353 ulale usingizi.

Sasa msingi upo. Ukuta wenye mlango au dirisha, wacha pengo la mlango au dirisha limeze hizo 13, vipande vikae pembeni ya fremu vikiwa vikubwa. Ukuta usio na tundu, usiweke tofali 8 na kibanzi cha 12. Weka tofali 7 na vipande viwili vya sentimita 28 na nusu, katikati ya ukuta, na kozi inayofuata uvihamishe visikae juu ya vya chini. Vipande viwili vyenye nguvu ni bora kuliko kimoja cha aibu.

Jambo la mwisho. Kata ubao, uwekee alama kila sentimita 24: 23 za tofali na 1 ya mota. Kila kozi ipimwe na ubao huo kwenye kona zote. Kozi 9 ni 216, hapo lenta (boriti ya zege ya juu ya milango na madirisha) inakaa na mlango unapita. Fundi anayeweka mota ya inchi nzima anakufikisha karibu 230, saruji imeliwa na hujui ilikwenda wapi.

MwanaBuswelu

Mrejesho. Fundi alinuna kwanza. Nikamwambia malipo ya kipande ni nusu tofali, akanuna zaidi. Babu, nikampa ule ubao na nikampangia kona kavu mbele yake, akasimama kama dakika mbili bila kusema, akachukua uzi akaufunga mwenyewe.

Kozi ya tano imekwisha saa tisa mchana. Vipande vilivyokatwa nyumba nzima: 11, vyote kwa tindo, na vitatu tu ndivyo vilivyoharibika. Panga nimelirudisha nyumbani. Picha naweka umeme ukirudi.

Sangara_Mkavu

Weka na picha ya fundi akiwa amenuna.