Tupeane uzoefu: darasa lilivyopangwa na utulivu wa wanafunzi

Mwanzisha mada: Walimu na mafundi, habari za kazi. Kabla hatujasema darasa fulani ni la watundu, tulikague lenyewe: madawati, ubao, madirisha, paa. Leteni vipimo, na marekebisho ambayo shule ya kawaida inayamudu.

Mwl. Darasa la Pili: Naanza na dawati la watu watatu. Wa katikati akitaka kutoka, mwenzake lazima ainuke, na somo limeshakatika. Anayeandika kwa mkono wa kushoto akae ncha ya kushoto. Akiwekwa kwingine viwiko vinagongana kila mstari na ugomvi hauishi. Njia kati ya safu isipungue sentimita 60. Ikibana zaidi, mwalimu hubaki mbele, na wa nyuma wanajua hafiki.

Fundi Seremala: Niongezee hapo. Kosa kubwa ni kuchonga kimo kimoja kwa shule nzima. Mtoto wa sentimita 115 anataka kiti cha 31 hivi kutoka sakafuni, wa 140 anataka 35 hadi 38, wa 160 anataka 43. Miguu ikining'inia, ukingo wa kiti hubana mapaja, ganzi inaingia, mtoto anaanza kujigeuzageuza. Huyo si mtukutu jamani, anaumia!

Mgeni Jukwaani: Na ubao unaometa, wa pembeni hawasomi kitu?

Mwl. Sayansi: Mara nyingi umepakwa rangi ya mafuta ya kawaida. Piga msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, paka rangi ya ubao mikono miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa. Kisha sugua ubao wote kwa ubavu wa chaki na ufute ndipo uandike, la sivyo maandishi ya kwanza yataacha alama. Ukiendelea kumeta, tatizo ni dirisha lililo jirani na ubao: litie pazia hilo tu. Wanaojenga upya, pande ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na jioni lisiingie moja kwa moja.

Mwl. Taaluma: Bati tupu mvua ikinyesha, kupaza sauti ni kuumiza koo bure. Siling bodi hupunguza kelele na joto, ila zibeni kwanza mianya ya paa kwa wavu. Popo wakiingia, mkojo wao huozesha bodi na harufu haivumiliki. Fedha ikikosekana, kuwe na kazi ya kuandika iliyoandaliwa kwa ajili ya mvua.

Mwl. Awali: Tusisahau kuta. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, uliotoka 2015 baada ya kupima madarasa 153 ya msingi, ulishauri asilimia 20 hadi 50 ya ukuta iachwe wazi. Chati zikijaa, wadogo hutazama chati badala ya mwalimu. Mada ikiisha, chati yake iteremshwe, na kuzunguka ubao pasibandikwe kitu.