Naomba ushauri: dogo wa form two na kitabu cha Mankind
Wakuu habari za jioni, hasa nyie wazazi wenzangu. Mimi mieleka nimeanza kuangalia zamani sana kwenye kibanda umiza huku Majengo, sasa juzi shemeji kanitumia na basi toka Dar kitabu cha maisha ya Mick Foley, yule mwanamieleka wa Marekani aliyejiita Mankind, kile cha 1999, aisee silali! Jamaa kakiandika mwenyewe kwa mkono, hakuandikiwa, halafu ana vichekesho balaa. Pale anaposimulia alivyopigana na mwanamieleka mwenzake Vader kule Munich, Ujerumani, 1994, kichwa kikanasa kwenye kamba za ulingo na sikio likang'oka, nilijikuta nashika la kwangu.

Ishu ni dogo wangu, kingereza kinampiga chenga na kusoma hapendi kabisa, ila hiki nikikiweka tu chini kashakidaka na dikshenari pembeni. Mama yake hataki hata kukiona, anasema damu na matusi, na kweli matusi yapo. Mimi naona afadhali hicho kuliko kushinda TikTok. Nimwachie au nikifiche mpaka amalize form four?

Na mwenye kile cha mwanamieleka mwingine, Bret Hart, hapa Dom tuazimane basi, nakifuata hata Nkuhungu.