Picha yangu iko kwenye bango la geti, na kwenye matokeo wameniwekea sifuri

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Chuo sikitaji, maana bado nina mwaka mmoja na nusu wa kukaa pale, na aliyesoma Kampala atanielewa hata bila jina.

Nasoma uuguzi, mwaka wa tatu, na nakimbia mita 10,000. Nimekulia kambini, baba mwanajeshi, ila kwetu hasa ni Kapchorwa, milimani mashariki mwa Uganda. Mbio sikufundishwa na chuo. Nilikuja nazo.

Mwezi uliopita niliteuliwa kukiwakilisha chuo kwenye mashindano. Ofisi ya michezo ikaniandikia barua ya ruhusa, Alhamisi hadi Jumapili, yenye muhuri na sahihi. Nikaifikisha idarani siku kumi kabla. Katibu akaipokea na kugonga muhuri kwenye nakala yangu. Nakala hiyo ninayo hapa mezani, imekunjwa mara nne na imeanza kuchanika kwenye mikunjo kwa jinsi nilivyozunguka nayo. Jumatano jioni nafunga begi, ujumbe ukaingia kwenye kundi la darasa la WhatsApp: jaribio la famakolojia, yaani somo la dawa, Ijumaa, saa mbili asubuhi. Halikuwa kwenye ratiba ya muhula.

Nikakimbilia ofisini kwa mhadhiri kabla hajaondoka. Nikamwambia, "Mwalimu, samahani, kesho nasafiri na timu ya chuo, barua ilishaletwa. Naomba nifanye jaribio Jumatatu, hata kama ni maswali mengine." Barua hakuigusa. Akasema, "Binti, mgonjwa hatakusubiri umalize kukimbia. Chagua."

Neno hilo ndilo linaloniuma kuliko hata hiyo sifuri. Mgonjwa! Wodini zamu ya asubuhi inapokea ripoti saa moja kamili, na tangu nianze mazoezi ya wodi sijachelewa hata siku moja. Mnajua kwa nini sichelewi? Kwa sababu naamka saa kumi alfajiri. Mzee anayelinda geti amenizoea, ananifungulia kile kilango kidogo, anamulika tochi barabarani na kuniambia, "Angalia boda, mwanangu." Natoka gizani kwa sababu kukishapambazuka barabara inajaa taksi na boda, pembeni hakuna njia ya waenda kwa miguu, na vumbi unalimeza wewe. Kilomita 14 za kupanda na kushuka vilima, naoga maji ya beseni, navaa sare, naenda wodini mpaka saa nane mchana. Kisha mihadhara hadi saa kumi na moja. Kisha mazoezi ya pili kwenye kiwanja cha muramu. Nikifika bwalo saa mbili usiku, posho, yaani ugali, limeshapoa na kuwa gumu, kwenye sufuria ya maharage umebaki mchuzi. Kisha vitabu mpaka saa sita. Hesabuni wenyewe nalala saa ngapi.

Halafu kila nikilalamika naambiwa "panga muda wako vizuri". Niupange mara ngapi? Mtihani unaweza kuukesha siku mbili ukapita. Mbio ndefu hazikeshewi. Moyo na misuli hujengeka kwa mazoezi ya kila siku, wiki baada ya wiki, na mwili hujirekebisha ukiwa umelala, si ukiwa unakimbia. Ukikosa siku tatu ukataka kuzilipa zote Jumapili, unachovuna ni maumivu ya mfupa wa muundi. Mwaka wa pili nilifanya hivyo, nikakaa wiki tano bila kukimbia.

Na kuna jambo ambalo wasichana wengi wanaokimbia hawalisemi, mimi nitalisema. Muhula uliopita hedhi ilikatika miezi miwili. Nikapima kiwango cha damu (hemoglobini), ikaja 10.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu wa damu. Nilikuwa natumia nguvu nyingi kuliko chakula nilichokuwa napata, basi. Nafundishwa darasani kwamba chai pamoja na mlo inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na kila jioni nilikuwa nateremshia maharage yale kwa kikombe cha chai kwa sababu ndicho kitu cha moto kilichobaki. Niliomba bwalo waniwekee sahani moja kando, ifunikwe. Nikajibiwa kwamba wakimpa mmoja wote watataka. Timu nzima ya riadha haifiki watu ishirini!

Basi nikaenda kwenye mashindano. Nilikimbia nikaleta medali ya fedha. Jumatatu narudi, getini kuna bango jipya, picha yangu kubwa nikiwa na fulana ya chuo, na maneno ya kujivunia. Alhamisi ya wiki hiyohiyo matokeo yakabandikwa: famakolojia, sifuri. Jaribio lile lina alama 20 kati ya 40 za kazi za muhula. Zile 20 nyingine nimepata 16. Maana yake hata nikijibu mtihani wote bila kosa moja siwezi kuzidi 76, na somo lenyewe ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kila hafla ya michezo viongozi wa chuo wanasimama na kumtaja Peruth Chemutai, jinsi alivyokuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, Tokyo 2021, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wanamtaja Joshua Cheptegei na dhahabu yake ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Paris. Wanapiga makofi, nasi tunapiga. Lakini Cheptegei ni askari polisi. Polisi na Magereza wana klabu zao za riadha, na mkimbiaji wao anajulikana kazini kuwa ni mkimbiaji. Rafiki yangu tuliyekimbia naye sekondari yuko Marekani kwa ufadhili wa masomo. Huko kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinamwekea kikomo: wakati wa msimu, mazoezi ya timu hayazidi saa 20 kwa wiki, na lazima apate siku moja ya kupumzika. Mimi hapa sijui hata ni nani anayetakiwa kuniuliza nimelala saa ngapi.

Sijaomba kupunguziwa zamu. Sijaomba alama za bure. Tarehe za mashindano zilijulikana tangu mwanzo wa muhula, ofisi ya michezo ilikuwa nazo, idara ingeziuliza kwa simu moja tu. Niliomba saa moja ya Jumatatu, chumba chochote, nikalie hata sakafuni.

NYONGEZA: Kuna anayesema nimshukuru Mungu kwa kipaji niachane na mengine. Ndugu yangu, namshukuru kila alfajiri. Aliyenipa sifuri si Mungu.

Kwa aliyeuliza, ndiyo, mkuu wa idara nimeshamwona. Amesema barua ya ofisi ya michezo ni "ombi" tu, haiifungi idara. Sasa nani aliyenituma kule, kama aliyetia muhuri hana nguvu? Nataka kwenda Seneti. Nina nakala yenye muhuri wa kupokelewa, nina picha ya ujumbe wa lile kundi wenye siku na saa. Aliyewahi kukata rufaa akasikilizwa, naomba aniambie alianzia kwa mkuu wa kitivo au kwa msajili, na aliambatisha nini. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa, na Ijumaa niko wodini mpaka saa nane.