Kwa nini wazee wa rolakosta wanaidharau michezo ya maji?

Kasi_Kwanza

Wakuu habari zenu. Nina swali linanikera muda mrefu, naomba wadau mnisaidie. Nikienda kwenye paki ya michezo na wenzangu wanaopenda rolakosta, yale mabehewa yanayopanda na kuporomoka kwa kasi kwenye reli, wote wanakimbilia njia za chuma. Mimi nikisema jamani twende na kwenye boti za magogo, zile zenye umbo la gogo zinazoelea mferejini kisha zinaporomoka majini, au yale maboya ya duara yanayozunguka mtoni, wanagoma kabisa, eti hiyo ni ya familia, ni ya kupoza joto, haina krediti. Kwa asiyejua, krediti ni kila rolakosta mpya mtu aliyopanda, anaihesabu na kuandika, na boti ya gogo haimo kwenye hesabu.

Sasa kweli krediti ndo kila kitu? Mimi naipenda hii michezo sana na sioni kwa nini nionekane sijui kitu. Wewe unaionaje?

Nyaya_za_Juu

Mkuu mimi ni mmoja wa hao wanaogoma, acha nijitetee. Sio dharau. Ukilowa saa nne asubuhi umelowa siku nzima, viatu vinatoa maji kila hatua, jinzi inakuchubua mapaja, alafu bado una rolakosta nane mbele yako za kupanda foleni hivyo hivyo. Na siku ya jua kali foleni ya maji ndo ndefu kuliko zote maana kila mtu kawaza kama wewe. Unasimama saa nzima na zaidi kwa ajili ya mteremko mmoja.

Ila nikiri kitu kimoja, jioni kabisa kabla ya kuondoka, au siku ya mawingu foleni ikiwa haipo, napanda na nafurahi. Kwangu tatizo ni muda, mchezo wenyewe sina ugomvi nao.

GogoLaKale

Mleta mada usiyumbishwe. Hao wanaosifia chuma waulize kilitoka kwa nani. Matterhorn ya paki ya Disneyland, Marekani, ya 1959, ile rolakosta iliyoleta reli za mabomba ya chuma, ni kazi ya kampuni ya Arrow ya kina Karl Bacon na Ed Morgan. Na hao hao Arrow miaka minne baadae, 1963, ndo wakatoa boti za magogo kwenye paki ya Six Flags Over Texas, mchezo unaitwa El Aserradero, ambayo ndo imezaa nyingine zote unazoziona leo. Kampuni ya Intamin nao, wanaoabudiwa kwa rolakosta yao ya Millennium Force, ndo walioleta maboya ya mto wa kasi, mchezo wa Thunder River, kwenye paki ya AstroWorld ya Houston, 1980. Kwa hiyo mtu akiniambia maji ni ya watu wasiojua namshangaa, maana waliojua kuliko wote ndo walioyatengeneza.

Na ukirudi nyuma zaidi ndo utaelewa. Paul Boyton alipofungua paki ya Sea Lion Park pale Coney Island, New York, mwaka 1895, akaizungushia uzio na kutoza kiingilio getini, kitu kilichokuwa kinavuta watu ni boti pana inayoporomoka kwenye mteremko mpaka bwawani, ikifika chini inaruka juu ya maji. Rolakosta ya kitanzi alikuwa nayo pia, Flip Flap, ilikuwa inaumiza watu shingo. Paki nyingine, Luna Park, ilipojengwa hapo hapo 1903, ile boti ikaachwa iendelee na kazi.

Mimi ninachokipenda kwenye boti ya gogo wala sio mteremko, ni kinachotangulia. Boti inaelea, hakuna reli iliyoishika, inagonga ukingo wa kushoto, inarudi inagonga wa kulia, unapita kona unakuta waliokutangulia hawapo tena. Alafu mkanda unaidaka kwa chini, inatikisika, inaanza kupanda na ule mlio wake ta-ta-ta-ta, maji yaliyoingia ndani yanakimbilia nyuma yanakulowesha miguu. Ukifika juu mlio unakata. Kwa sekunde chache unaelea kwenye kimfereji kifupi huko juu, unasikia maji tu, na hujui pua ya boti itainama saa ngapi. Kwenye rolakosta mnyororo ukikuachia umekuachia, hicho kipande cha kuelea hukipati.

Ndo maana urefu peke yake hausaidii. Pilgrim's Plunge, boti ya mteremko ya paki ya Holiday World kule Marekani, ilifunguliwa 2009, karibu mita 40 kwenda juu, watu mnapandishwa kwa lifti, mnashuka, mmemaliza. Msimu wake wa mwisho ulikuwa 2013. Splash Mountain, boti za magogo za Disneyland, mteremko wake mkubwa ulikuwa kama mita 16 tu lakini safari nzima ilikaribia dakika kumi, na ilipofungwa 2023 watu wazima walikuwa wanapanga foleni ya kuaga. Siku hizi inaitwa Tiana's Bayou Adventure, mfereji ni ule ule, na ukiingia ndani bado unakutana na ile harufu ya bromini, dawa ya kusafishia maji, wapenzi wa hii michezo wanaijua na wanaipenda.

Nyaya_za_Juu

Hapo kwa Arrow umenishika mkuu, sikuwahi kuunganisha hizo mbili.

Mama_Pampu

Nimeendesha mchezo wa maboya ya mto miaka kadhaa kwenye paki moja, ngoja niongezee upande wa kazi maana watu wanadhani ni mfereji tu umejazwa maji.

Asubuhi mfereji ni mkavu, maji yote yako kwenye bwawa la chini. Ukiwasha pampu yanapandishwa juu na kuachiwa yateremke yenyewe, boya halina injini wala usukani, linakwenda na maji. Yale mawimbi hayajitokezei hovyo, kuna vizuizi vimefungwa chini kwenye sakafu, ukihamisha kimoja kidogo tu wimbi linahama na boya linabadilisha mzunguko wake. Uzito wa watu na walivyokaa nao unabadilisha. Kwa hiyo hakuna safari mbili zinazofanana, na hilo mpenda rolakosta angepaswa kuliheshimu, yeye anapanda njia ile ile mara kumi akitafuta tofauti ya siti ya mbele na ya nyuma.

Boti za magogo nazo, mnavyolowa pale chini sio bahati. Boti imeshuka na kasi yote, maji ndo breki yake, kina kikiwa kikubwa inakita na kurusha ukuta wa maji, kikipunguzwa inateleza mnalowa kidogo. Kuna paki zinashusha kina msimu wa baridi kwa sababu hiyo.

Na usawa wa maji sio wa kuchezea. Oktoba 2016 kwenye paki ya Dreamworld, Australia, pampu moja ya mchezo wa maboya wa Thunder River Rapids ilizima, maji yakashuka, boya likakwama kwenye vyuma karibu na mkanda wa kupandishia, mkanda ukaendelea kutembea ukaleta boya lingine likagongana nalo. Watu wanne walikufa. Uchunguzi ukaonyesha hapakuwa na kifaa cha kuzima mchezo chenyewe maji yakipungua. Mchezo haukufunguliwa tena, na kampuni ikapigwa faini ya dola milioni 3.6 za Australia mwaka 2020. Naisema hii kwa uchungu kabisa maana hizo pampu nimekaa nazo. Mtu anayeuita huu mchezo wa watoto hajui mwendeshaji anaangalia vitu vingapi kwa wakati mmoja.

Bwawani

Naongezea kwa ufupi. Hii michezo inapungua jamani. Pampu zinakula umeme, maji lazima yasafishwe, mifereji inapasuka inavuja, na eneo inalochukua ni kubwa, kwa hiyo paki ikitaka rolakosta mpya jicho linaenda hapo kwanza. Kule Uingereza paki ya Alton Towers walifunga boti zao za magogo, The Flume, 2015, pale pale ikaota rolakosta ya Wicker Man 2018. Paki ya Thorpe Park, ile Loggers Leap yao ya magogo ilisimama 2015 hiyo hiyo, na eneo lile leo kuna rolakosta ya Hyperia. Wapenda rolakosta wanashangilia kilichojengwa, kilichobomolewa hakuna anayekiandika.

Lakini kote hakujafa. Chiapas, boti za magogo za paki ya Phantasialand Ujerumani, 2014, Intamin tena, ina kipande inarudi kinyumenyume na mteremko wa nyuzi 53, nimewaona watu wa krediti wanashuka wanarudi foleni kwa miguu yao wenyewe wakiwa wamelowa chapachapa. Na Valhalla ya Blackpool, Uingereza, ndani ya jengo, giza, moto na maji pamoja, imechukua Golden Ticket, zile tuzo za michezo ya paki, kama mchezo bora wa maji zaidi ya mara moja.

Kasi_Kwanza

Asanteni sana wakuu, Mama Pampu ubarikiwe, sikujua hayo ya kina. Swali la mwisho, wapi pa kukaa ili ulowe zaidi? Wenzangu wanabisha.

Mama_Pampu

Boti ya gogo kaa mbele, na wazito wakiwa mbele pua inazama zaidi ndo mnapigwa vizuri. Boti pana za mteremko mmoja pia mbele, ila kuna zinazorusha wimbi likarudi kwa juu likamkuta wa nyuma, tazama moja ikishuka kabla hujachagua. Maboya ya duara usihangaike kuchagua, linazunguka, utakayekuwa upande wa maporomoko ndo wako.