Tupeane uzoefu: mtoto akiingia darasa la 10 huku Marekani mnamwandaaje kwa koleji na kazi?

Habarini ndugu zangu. Binti yangu anaingia darasa la 10 Agosti, ule mwaka wanaita sophomore, na kila nikigusia koleji naambiwa baba tulia bado mapema. Roho haitulii jamani, huku hakuna mtihani wa NECTA wa kuja kuamua yote mwishoni, maksi zinahesabiwa toka darasa la 9 na chuo kinaziona. Mliopita njia hii nyinyi mlifanyaje?

Mama Wawili, Louisville
Kaka uko sahihi kuwahi. Hapa Kentucky kuna hela ya KEES, msaada wa jimbo wa kulipia koleji, mtoto anajiwekea kwa maksi za kila mwaka, GPA, yaani wastani wa maksi, ya 2.5 ni dola 125, 4.0 ni dola 500, zinajumlishwa halafu akisoma koleji ya humu humu jimboni anapewa jumla hiyo kila mwaka wa chuo. Nilikaa na kijana wangu mezani tukapiga hesabu pamoja na toka siku hiyo homuweki simfuatilii tena. PSAT ya darasa la 10 isiwape presha, ni mazoezi ya SAT, ule mtihani wa kuombea koleji, vyuo havipelekewi.

Shangazi wa Columbus
Kwetu Ohio mwaka wa 10 ndio wa maamuzi. Wa kwangu anapenda kazi za hospitali, tukaenda kutembelea career center, shule ya kufundisha kazi, wanaanza kule darasa la 11 lakini maombi unapeleka akiwa la 10, ukisubiri nafasi za unesi zinajaa. Na kuna College Credit Plus, anasoma masomo ya koleji akiwa bado haiskuli, koleji ya serikali hulipi ada wala vitabu, ila shule lazima ijue mapema, sisi tulipeleka barua kabla ya Aprili. Sasa hapa nisikilizeni vizuri wazazi wenzangu, zile maksi ni za koleji kweli kweli, akifeli zinamfuata na shule inaweza kukudai gharama, kwa hiyo binti alianza na somo moja tu analolipenda, na namshukuru Mungu lilikaa vizuri.

Papa Espoir, Iowa
Bandugu, batoto betu banaokuja wakubwa banawekwa ESL, darasa la kujifunza Kiingereza, na wengine wanakaa humo mpaka masomo ya sayansi yanawapita. Mimi niliomba mkutano na kaunsela wa shule, nikaomba mkalimani, ni haki yako na ni bure, tukapanga masomo yote mpaka darasa la 12. Na Kiswahili chao ni mali! Kuna Seal of Biliteracy, cheti cha kujua lugha mbili, mtoto anafanya mtihani wa Kiswahili na cheti kinawekwa kwenye diploma. Wangu aliipata na alifurahi sana.

Mdau
Nyongeza, FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia koleji, inajazwa darasa la 12 ila inaangalia kodi ya mapato ya nyuma, ya ule mwaka ulioanza Januari mtoto akiwa la 10. Tunzeni makaratasi.

Mwenye uzi
Asanteni sana sana. Dada wa Louisville, tunafikiria kuhamia huko mwakani, KEES atapata na yeye?

Mama Wawili, Louisville
Kila mwaka unahesabiwa peke yake kaka, ataanza na ule atakaosoma hapa. Mkifika muulizeni kaunsela wiki ya kwanza.