Mtu anamtishia binti yangu kwa picha, anataka pesa. Nilipe?

MamaKihonda:
Wakuu, binti yangu ana miaka 14, kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Morogoro. Kuna mtu walianza kuchati kwenye gemu la simu, akajiita mwanafunzi wa Dodoma, wakahamia WhatsApp, akambembeleza mpaka akapata picha ya utupu. Sasa anataka 150,000 kabla ya Ijumaa, la sivyo anaitupa kwenye grupu la darasa. Mtoto hali, analia tu. Baba yake anasema tulipe yaishe.

MwlMalezi_Mwanza:
Mama, usilipe hata mia. Mimi ni mwalimu wa malezi, haya yanaletwa sana ofisini kwangu. Ukilipa, amejua pesa ipo. Kesho atarudi na dau kubwa zaidi.

Mtoto kwanza. Usiku huu lala naye, na umwambie kwamba mkosaji ni huyo mtu, siyo yeye. Tafadhali asipigwe. Akiogopa atafuta mazungumzo yote, na ushahidi ndio huo. Piga skrinishoti zionyeshe namba yake, tarehe, vitisho, na namba aliyotaka itumiwe pesa. Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole, polisi watakuwa na pa kuanzia. Ukimaliza, mbloki.

Asubuhi nendeni Dawati la Jinsia na Watoto, lipo kituo cha polisi. Hata sasa hivi unaweza kupiga 116, simu ya watoto, ni bure. Ila ile picha usimrushie mtu yeyote, hata shangazi yake: kusambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

FundiSimu:
Naongezea. Ipo huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani kinacholinda watoto, kwa walio chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yenu; inatengenezewa alama ya tarakimu, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa Facebook, Instagram, TikTok na wengine waliojiunga ili waizuie ikipandishwa. Ila huduma hii haifiki kwenye WhatsApp, kwa hiyo hilo grupu la darasa lisimamiwe na shule.

MamaKihonda:
Mungu awabariki. Baba yake nimemsomea, amekubali tusilipe. Shuleni nimwone nani?

MwlMalezi_Mwanza:
Mkuu wa shule na mwalimu wa malezi, hao wawili tu. Waombe grupu lifungwe kwa muda, waandike maadmini peke yao. Na uwaambie wazi: jambo hili lisitajwe mstarini, hata bila jina. Wanafunzi watamjua kabla ya mapumziko.