Mjadala: Kuziba jino, drili istaafu tupishe leza?

Mwanzisha mada: Leza ya Er:YAG, aina ya leza inayokata sehemu ngumu za jino, iliruhusiwa kukata meno Marekani tangu 1997, ila kliniki nyingi bado ni turbaini, ile drili ya kasi, na mlio wake. Nashikilia kwamba anayeogopa sindano apewe leza. Mwanga wa nanomita 2,940 hunyonywa na maji yaliyo ndani ya jino, yanageuka mvuke ghafla na kurusha chembe nje. Jino halitetemeshwi. Sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko dentini (tabaka la ndani ya jino) isiyooza, hivyo hutangulia kutoka.

Gego la Chini: Usimwahidi mgonjwa kwamba hatahitaji ganzi, wengi hawahitaji, wengine wanaruka kitini. Halafu wauza mashine hawasemi hili: leza haifai kugusa amalgamu kuukuu, ule mzibo wa metali wenye zebaki. Ukiipiga inapata joto na kutoa mvuke wa zebaki. Jino lililokwisha kuzibwa kwa amalgamu linarudi kwenye drili, upende usipende. Enameli nayo, ganda gumu la nje la jino, leza huila polepole. Turbaini ya mizunguko 300,000 kwa dakika inakuwa imemaliza zamani.

Mtu wa Kompoziti: Ugomvi wa kweli uko kwenye kugandisha mzibo wa kompoziti (ule wa rangi ya jino) kwa gundi. Drili huacha utando wa vumbi juu ya dentini, leza huacha vitundu wazi. Basi watu wanaruka hatua ya kupaka asidi ya kuandaa jino, wakidhani gundi itajipenyeza yenyewe. Wapi! Joto limeshaharibu kolajeni (nyuzi za protini za dentini) ya juu, gundi inashika juujuu, baadaye ukingo unavuja. Enameli ikatwe kwa nguvu ya leza ya milijuli 250 hadi 300 kwa kila pigo, ukifika dentini shuka 150, malizia na 80 hivi huku maji yakimwagika. Kisha asidi ya fosforiki 37% kama kawaida, enameli sekunde 15 hadi 30. Ukiona weusi shimoni, simama: njia ya maji imeziba, unachoma. Na drili isijifanye mtakatifu, kwani ncha butu bila maji hupika kiini, ile nyama hai ya ndani ya jino, vilevile. Majaribio ya Zach na Cohen kwa nyani, 1965, yalionyesha kwamba joto la kiini likipanda nyuzi 5.5 za Selsiasi, takriban 15% ya viini havikupona.

Mkongwe wa Wilayani: Mnagombania mashine mbili zinazotaka umeme na maji safi. Mbinu ya ART, ya kuziba jino bila drili, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: unakwangua dentini laini kwa vifaa vya mkono, unashindilia glasi ayonoma (aina ya saruji ya meno) kwa kidole chenye glavu. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

Mwanzisha mada: Shimo la upande mmoja, nimekubali, mzee wangu. Lakini likiwa katikati ya magego mawili, glasi ayonoma hupasuka au kung'oka mapema.

Gego la Chini: Hapo tuko pamoja. Anayenunua leza akague miwani kwanza: iwe imeandikwa nanomita 2,940, kwa daktari, msaidizi na mgonjwa. Miwani ya leza ya dayodi, aina nyingine ya leza, imetengenezwa kwa mawimbi mengine, isiazimwe.